Nokoa si msimamizi, na mnyapara ni mwingine kabisa

Kila inapoandikwa habari ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19, yeyote aliyekuwa juu ya watumwa huitwa nokoa. Siku hizi wengine wamemgeuza mnyapara.

Mwenye shamba aghalabu alikaa mjini Unguja. Shambani alimweka msimamizi, mara nyingi muungwana. Chini yake alikuwepo nokoa, na msaidizi wa nokoa ni kadamu. Hawa wawili walikuwa watumwa. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachochanganywa ni nani alidaiwa nini. Nokoa alidaiwa kazi: palilio limefika wapi, nani hakutokea, mti gani uchumwe leo. Akichelewa, karafuu huchanua mtini na bei yake imekwisha.

Msimamizi alidaiwa mali, na mali ya karafuu inapotelea jamvini. Mbichi ikianikwa siku nne hadi wiki moja hubaki kama theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo kilichoibwa usiku husemwa asubuhi kuwa kimekauka, na bwana aliye mbali hana la kujibu. Dawa yake ni kupima mbichi kila jioni, makonyo (vijiti vya karafuu) yakishachambuliwa, kisha kulinganisha na frasila (kipimo cha uzito) za kavu zinazoteremka mjini. Zikipungua sana chini ya theluthi, kuna la kuuliza. Mvua nayo ni kisingizio kizuri, maana karafuu iliyonyeshewa jamvini huota ukungu kweli. Baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, matajiri wa mjini walitenganishwa na miti yao kwa bahari, na neno la msimamizi likazidi uzito.

Hata hivyo hakuwa wakala. Kuuza miti au kuiweka rehani kulihitaji idhini ya mwenyewe, na miti ilihesabiwa mmoja mmoja, kwani ardhi iliweza kuwa ya mtu mwingine.

Mnyapara, au mnyampara, ametoka kwenye misafara ya Wanyamwezi: mkuu wa wapagazi. Mashamba ya mkonge yalimchukua baadaye, enzi za wakoloni. Ukimtaja mkuu wa watumwa chini ya mkarafuu wa mwaka 1860, mpe tu jina lake la huko: nokoa.