"Mama apumzike" na dhana nyingine zinazowanenepesha wazee wetu

"Daktari, mama alihangaika sana kutulea, sasa apumzike." Kauli hii siishi kuisikia kliniki ya presha na sukari, na huwa inasemwa kwa fahari, mama mwenyewe akiwa ameshikwa mkono kuingizwa chumbani.

Nauliza siku yake inaendaje. Kijijini alikuwa anapalilia mihogo, anachota maji, anakwenda kwa miguu kwenye misiba na harusi. Akaletwa Dar es Salaam. Geti limefungwa, majirani hawajui, dada wa kazi anafua, anafagia, hata maji ya kunywa anamletea kwenye kochi. Asubuhi chai ya maziwa na chapati, saa nne chai nyingine, kisha televisheni mpaka usiku. Mpweke hula bila njaa. Na kwa kuwa dera halibani, hakuna anayeona kiuno kikipanuka mpaka magoti yaanze kuuma.

Jamani, huko siko kumtunza! Misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na isipotumika hupotea haraka zaidi. Misuli ikipungua, mwili unatumia nishati kidogo. Sahani ikibaki ileile, ziada inakuwa mafuta. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa mnene na dhaifu kwa pamoja. Huwa namwambia mama akunje mikono kifuani, ainuke kitini mara tano. Akishindwa hata mara ya kwanza, ndipo watoto wanaposhtuka.

Shirika la Afya Duniani linataka mwenye miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3 au zaidi. Si lazima gym. Mrudishieni ufagio wake. Mpeni ndoo kuukuu apande mchicha. Aende sokoni kwa miguu, mjukuu amsindikize, na mtafutieni kikundi cha kina mama wenzake: kikoba, jumuiya, darsa, chochote kinachomtoa ndani.

"Magoti yanamuuma, asitembee." Kwa magoti yaliyosagika, mazoezi ni sehemu ya matibabu. Kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua.

"Kunenepa ni kunawiri." Chukueni futi ya fundi cherehani. Kiuno kikizidi sentimita 88 kwa mwanamke, au 102 kwa mwanamume, hatari ya kisukari na ya moyo imepanda sana.

"Sisi tunakula dona." Vizuri, ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, ila nishati yake inakaribiana, kwa hiyo pimeni ukubwa wa bonge. Maji ya ndimu nayo hayayeyushi mafuta popote.

"Basi ashinde na uji mtupu." Hapana! Hapo mnammalizia misuli iliyobaki. Punguzeni sukari ya chai, mafuta ya kupikia na wanga. Maharage, dagaa na mayai visikosekane kwenye sahani yake.