Spea za gari lililochinjwa: ya kijiweni na ya chini ya boneti

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998. Ikiharibika hapa Mtwara, washauri huwahi kufika kuliko fundi: bodaboda wa kona ya Magomeni ana lake, jirani ana lake, shemeji aliyeko Dar anapiga simu na lake. Mengi nimeyafuata, na mengine nimeyalipia. Haya hapa baadhi ya maneno yao, na majibu yangu.

"Spea ya mtumba ni kamari. Nunua mpya ulale usingizi."

Swali ni spea yenyewe hufa vipi. Mlango, boneti, kioo cha pembeni, kitasa, taa: hivi havifi kwa kuchoka, vinakufa kwa ajali. Kikitoka kizima kwenye gari lililochinjwa, yaani lililofunguliwa liuzwe vipande, ni kizima. Alteneta inayochaji betri na stata inayowasha injini vinachoka, lakini vinapimika kabla hujatoa hela. Na hiyo "mpya" ya dukani mara nyingi ni kopi ndani ya boksi zuri. Kati ya kopi na Denso, kampuni inayoitengenezea Toyota, iliyofunguliwa kwenye gari lililotoka Japani, mimi nachukua Denso.

Ila usinunue gizani kama nilivyofanya mimi. Nilipiga simu Dar nikasema "alteneta ya 110", nikatuma hela. Ikaja na basi, zaidi ya kilomita 550, imefungwa kwenye kiroba. Fundi wangu akaigeuza mara moja tu.

"Bosi, hii soketi ya mviringo. Yako ya mraba."

Na puli ilikuwa na mifereji minne, mkanda wangu una mitano. Muuzaji hakunidanganya, ilikuwa ya 110 kweli. 110 ziko za injini tofauti na miaka tofauti. Siku hizi natuma kwanza picha ya kile kibati cha chini ya boneti chenye namba ya fremu na aina ya injini, halafu picha ya soketi, halafu ya spea mbovu yenyewe ikiwa mezani.

Alteneta iliyokubali kufunga ilipatikana hapahapa mjini, kwenye gari lililogongwa nyuma. Fundi aliifunga, akawasha injini, akagusisha mita kwenye betri: volti 14.1. Akawasha taa kubwa na feni. Ikashuka hadi 13.9, ikasimama. "Inachaji," akasema, akafuta mikono. Kipimo ndicho hicho: injini ikiunguruma, mita isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12, rudisha.

"Huku kusini hakuna kitu, agiza Gerezani."

Gerezani, mtaa wa spea kule Dar, kuna kila kitu, sibishi. Lakini kurudisha spea isiyofunga ni nauli nyingine ya kiroba na maelewano ya kwenye simu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, hata mwenye hela yake mkononi alisubiri. Gari linalochinjwa Mtwara au Lindi unaliona likiwa zima: unauliza limelazwa kwa nini, unaomba ufunguo, unasikiliza injini kabla haijatolewa. Lililogongwa nyuma lina vitu vizuri mbele. Lililolazwa kwa kuchemsha, injini yake waachie wenyewe.

"Ikitoka Japani, hata tairi ni nzuri."

Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Pembeni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata, yaani meno ya tairi, inaweza kuwa ndefu inang'aa, na tairi lenyewe ni kongwe. Taimingi belti, bushi, bolijointi, oili sili, mpira wa breki na breki pedi, vyote nunua vipya, hata kama mtu anakupa bure.

Eabegi ya mtumba ndiyo siigusi kabisa. Zile za Takata zilirudishwa kwa mamilioni duniani kwa sababu baruti yake huharibika ikikaa miaka kwenye joto na unyevu. Siku ya ajali kasha linaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Joto na unyevu, yaani Mtwara.

"Nchi ya joto hii, themostati ya nini? Itoe."

Hii ndiyo iliyonila hela nyingi kuliko zote. Gari likawa linachemsha kila nikipanda Newala. Mmoja akasema rejeta, nikanunua ya mtumba. Ikachemsha. Mwingine akasema gasketi ya silinda hedi, akaanza kunitafutia hedi nzima. Fundi wa sasa akafungua kikombe cha themostati akakuta patupu: mwenye gari wa kwanza aliitoa.

Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina kazi mbili. Maji yakifika nyuzi 82 hivi inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia fupi inayoyarudisha kwenye injini. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kuonana na rejeta. Tambarare hutaona kitu. Kwenye mlima, sindano inapanda. Na kwenye safari fupi za mjini injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi na kuongeza mafuta. Ndiyo maana gari lilikuwa linakunywa.

Themostati unaweza kuipima jikoni: itumbukize kwenye sufuria, bandika motoni, utaiona ikifunguka kabla maji hayajachemka. (Tumia sufuria chakavu. Mimi nilitumia ya wali, tukazungumza sana nyumbani.) Na kilichoiua rejeta ya kwanza ni maji ya kisima yenye chumvi. Weka kulanti, maji maalumu ya rejeta.

"Injini ikila oili, nunua injini nyingine, mchezo umekwisha."

Wakati mwingine kweli ni rahisi kuliko ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuikarabati. Lakini pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kununua; silinda moja ikiachwa mbali na wenzake, unanunua ugonjwa wa mwingine. Halafu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha, TRA wanatakiwa kujua. Bila risiti na karatasi ya mauziano, siku polisi wakiuliza injini imetoka wapi utabaki na "nilinunua kwa jamaa mmoja", na kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kujua ni ya wizi ni kosa hata kama ulilipa.

Bodi nayo iangalie kwa jicho la pwani. Mlango wa gari lililolala miaka Mikindani, hatua chache kutoka majini, unaweza kung'aa juu na kuwa kama biskuti chini. Kutu inaanzia ndani, kwenye ukingo wa chini. Gonga na sarafu: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinafifia.

Ile alteneta ya soketi ya mviringo sijapata mteja. Iko gereji, inagandamiza turubai kipindi hiki cha kusi.