Maji Yakitoka kwenye Turbini Hayajakamuliwa Kitu

Nimeulizwa tena, safari hii na mzee mwenye mashamba chini ya kijito ninachokipima: "Mhandisi, mkishayakamua umeme hayo maji, mpunga wangu utakunywa nini? Makapi?" Nikameza mate, nikamsimulia habari za Malankara.

Malankara ni bwawa la mto Thodupuzha, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Mvua pekee haiwezi kulilisha. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka bwawa la Idukki, huporomoka zaidi ya mita 600 ndani ya mlima hadi kituo cha chini ya ardhi cha Moolamattom, na kuzungusha mitambo sita (turbini) yenye jumla ya megawati 780. Kwa hesabu ya mzee wangu, hapo yameshakuwa makapi. Basi makapi hayohayo hukusanywa Malankara: mengine huzungusha mitambo mingine mitatu, megawati 10.5, na mengine huingia mifereji miwili ya umwagiliaji. Yameshakamuliwa na bado mazao yanaota!

Umeme haumo ndani ya maji kama tui lilivyomo ndani ya nazi. Tunachovuna ni mporomoko: uzito wa maji na kimo yanachoshuka. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ikishuka mita 15 inatoa kilowati kama 125. Ikishuka mita 600, kama 5,000. Maji ni yaleyale, na chumvi zake zilezile. Mkwezi akiteremka mnazini hajapungukiwa damu, ameteremka tu.

Mkitaka kugombana na sisi wahandisi, gombaneni kwa haki. Ulizeni ratiba: Moolamattom wakipunguza kuzalisha, maji yanayoingia Malankara nayo yanapungua. Ulizeni kuhusu samaki, kwa sababu maji yanayochotwa chini kabisa ya bwawa lenye kina huwa ya baridi na yenye hewa kidogo. Na pale kijito kinapoingizwa bombani, ulizeni kitabaki nini kati ya banio, pale maji yanapochepushwa, na nyumba ya mitambo. Mimi humwambia kila mteja aandike kwenye mkataba kiasi cha maji kitakachoachwa kijitoni wakati wa kiangazi, kabla hata hajauliza bei ya umeme. Nani ananisikiliza? Wote wanaulizia "nguvu" iliyonyonywa.

Uvumi mwingine niupitie haraka.

Eti mradi mdogo wa umeme wa maji ni ukuta mdogo. India huhesabu megawati: hadi 25, mradi ni mdogo. Ukuta wa Malankara, mradi mdogo kwa hesabu hiyo, una urefu wa mita 460 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Eti miradi midogo ni mambo ya juzi. Kituo cha Sidrapong, Darjeeling, India, kilowati 130, kiliwashwa mwaka 1897.

Eti Idukki wakifungulia milango, Malankara inafurika. Hili nalo! Ukuta mkuu wa Idukki, ule wa tao, hauna mlango hata mmoja. Milango iko kwenye ukuta wa jirani, Cheruthoni, na maji yake huteremkia mto Periyar, kama yalivyoteremka katika mafuriko ya Agosti 2018. Periyar na Thodupuzha ni mito miwili tofauti. Maji ya Idukki yanayofika Malankara ni yale tu yaliyokwisha kupita kwenye turbini. Yaani makapi.