Je, hali ya hatari humfungua Rais mikono?

Katika vibanda vya soko la Kibuye, Kisumu, wengi huamini kwamba Rais akitangaza hali ya hatari, Katiba hulala hadi atakapoiamsha. Imani hii ina mizizi, kwani wazee wanaukumbuka utawala wa hali ya hatari wa mkoloni, ulioanza mwaka 1952 na kudumu hadi 1960. Hata hivyo, Ibara ya 58 ya Katiba ya 2010 huliwekea tangazo hilo kikomo cha siku 14, na wabunge hawawezi kulirefusha mara ya kwanza pasipo kura za thuluthi mbili ya wote. Mwenye shaka na asome pia Ibara ya 25: kutoteswa hakusitishwi kamwe.