Ray Graves: walioachwa na vita hawakuwa wakwepaji

Dhana: Waliocheza mpira wa Kimarekani mwaka 1943, vijana wenzao wakiwa kwenye Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wanakwepa jeshi.

Ukweli: Maneno haya yananiuma, kwa sababu wengi wao jeshi lenyewe ndilo lililowakataa. Mchezaji Ray Graves, mzaliwa wa Tennessee, alikuwa kiziwi wa sikio moja. Mwenzake Tony Bova alikuwa na jicho moja lisiloona kabisa, na kazi yake ilikuwa kudaka mipira! Vita vilikomba wachezaji hadi timu mbili, Philadelphia Eagles na Pittsburgh Steelers, wakaunganishwa kuwa timu moja, watu wakaiita Steagles. Mchana wachezaji walifanya kazi za vita viwandani, jioni ndipo wakaenda mazoezini.

Katika timu hiyo Graves alicheza nafasi ya kati. Anainama, anaurudisha mpira nyuma kati ya miguu yake, na kabla hajainua kichwa pande la mtu limeshamvaa. Ishara ya kuuachia inaitwa na mwenzake aliye nyuma yake. Mfikirie mtu wa sikio moja hapo, uwanja mzima unapiga kelele.

Dhana: Basi ilikuwa timu ya kubahatisha.

Ukweli: Ilishinda mechi 5, ikafungwa 4, sare 1. Dhidi ya New York Giants iliangusha mpira mara 10, na bado ikashinda 28 kwa 14.

Dhana: Ukocha wa chuo ni pumziko la mchezaji aliyechoka.

Ukweli: Graves alikuwa kocha msaidizi wa chuo kikuu cha Georgia Tech kwa miaka 13 kabla Chuo Kikuu cha Florida hakijamkabidhi timu mwaka 1960. Kwa misimu 10 alishinda mechi 70. Rekodi hiyo ya chuo ilidumu hadi 1996, ilipovunjwa na Steve Spurrier, kijana aliyefundishwa na Graves mwenyewe hadi akatwaa Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, mwaka 1966.

Dhana: Gatorade, kinywaji cha wanamichezo, ilibuniwa na kampuni ya vinywaji.

Ukweli: Ilibuniwa mwaka 1965 na Dkt. Robert Cade, bingwa wa figo wa chuo hicho hicho, pamoja na wenzake, baada ya wachezaji kukaukiwa maji kwa joto la Florida. Cade alimwendea Graves kuomba watu wa kuijaribia. Kocha alikubali, ila kwa vijana wa mwaka wa kwanza tu. Ilikuwa maji, chumvi na sukari, tena mbaya mdomoni, mpaka mke wa Cade aliposhauri waikamulie limau.