Simu, mizani na sahani ya nyumbani

Wengi wanaokuja kwangu, hapa Dar es Salaam, kutafuta ushauri wa kupunguza uzito hunionyesha kwanza programu za kufuatilia uzito na chakula kwenye simu zao, kisha huniuliza kwa nini namba za uzito hazishuki ilhali wamejinyima. Mimi huanza na mizani. Uzito huweza kupanda au kushuka kilo 1 hata 2 ndani ya siku chache bila mafuta ya mwili kubadilika, kwa sababu chumvi huzuia maji mwilini, na kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye ini na misuli huambatana na takriban gramu 3 za maji. Kwa hiyo aliyekula pilau ya harusi Jumamosi hana sababu ya kukata tamaa Jumapili. Hapo ndipo programu inaposaidia kweli: mtu hujipima kila asubuhi kabla ya chai, huandika, na simu humkokotolea wastani wa siku 7. Wastani huo ndio ninaoutazama.

Kwa upande wa chakula nina mashaka zaidi. Programu nyingi zimejengwa juu ya orodha za vyakula vya Marekani na Ulaya, na hakuna hata moja inayojua mpishi wako amemimina mafuta kiasi gani, ingawa kijiko kikubwa kimoja tu kina takriban kilokalori 120. Kwa sababu hiyo huwaomba wapige picha ya kila mlo, pamoja na vinywaji, na kunitumia kwa WhatsApp. Sihesabu kalori za picha. Natazama ugali umechukua nafasi gani, mboga ni kiasi gani, na chakula cha usiku kimeliwa saa ngapi. Mara nyingi picha za wiki mbili hufichua chai ya maziwa yenye sukari ambayo mhusika hakuwahi kuifikiria kuwa chakula.

Saa janja za mkononi nazo zisiaminiwe kwa hesabu ya kalori ambazo mwili umechoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipochunguza vifaa 7 vya aina hiyo mwaka 2017, vingi vilipima mapigo ya moyo vizuri, lakini kwa kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Anayetumia insulini asipunguze mlo kwa agizo la programu kabla ya kuonana na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Na yule ambaye kujipima kila siku kumeanza kumtia hofu ya kula, humwomba aiweke mizani kando, tuendelee na picha peke yake.