Je, wajua kwa nini ari ya kufikia lengo hupoa njiani?

Katika madarasa ya Kiingereza ya jioni mjini Lubumbashi, mara nyingi viti havitoshi wiki ya kwanza, lakini miezi miwili baadaye mwalimu hubaki na wanafunzi wachache. Wepesi wa kuhukumu husema kwamba walioacha ni wavivu. Siamini, kwa kuwa yuleyule aliyeshindwa kufika darasani saa kumi na moja jioni huamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga bidhaa zake sokoni, wala hakuna anayemsukuma. Nguvu anazo, lililobaki ni kuuliza nguvu hizo hufuata nini.

Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili wa darasa moja. Wa kwanza ni mama anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kununua bidhaa Ndola, nchini Zambia, naye amechoka kumlipa mtu wa kumtafsiria bei, hasa anapohisi kwamba bei anayoambiwa siyo iliyotajwa. Wa pili ni kijana ambaye baba yake mdogo amemwambia kwamba kampuni za migodi huajiri wanaojua Kiingereza, kisha akamlipia ada. Wote wawili wanatafuta pesa, kwa hiyo tusidanganyane kwamba mmoja ana moyo safi na mwenzake ana tamaa. Sababu ya mama ni yake mwenyewe, ilhali ya kijana ni ya kuazima, na wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi pamoja katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walilitafiti jambo hili kwa miaka mingi. Kwa maelezo yao, sababu za kutenda hutofautiana kwa kadiri zinavyokuwa za mtendaji mwenyewe: upande mmoja kuna thawabu na adhabu zitokazo nje, hufuata aibu na haja ya kusifiwa, ambazo zimo ndani ya mtu lakini humwendesha kama msimamizi mkali, kisha sababu ambayo mtu ameipima akaikubali, na mwisho kabisa, raha ya kazi yenyewe. Nionavyo mimi, aibu ndiyo hudanganya kuliko zote, kwa maana mwanzoni husukuma kwa nguvu sana, lakini hutegemea macho ya watu, na macho hayo yakigeukia kwingine mtu husimama palepale.

Hata thawabu yaweza kuharibu. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti cha zawadi kabla ya kuchora, baadaye, cheti kilipokuwa hakipo tena, walichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao, wakiwemo waliopewa cheti bila kuahidiwa. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua. Kwa watu wazima pia hali ni hiyo. Mwaka 2014 Amy Wrzesniewski, Barry Schwartz na wenzao walitoa matokeo ya kufuatilia makadeti zaidi ya 10,000 wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani: walioingia kwa sababu za ndani zenye nguvu walielekea zaidi kuhitimu na kuwa maofisa, lakini pale sababu hizo zilipoambatana na sababu kubwa za nje, kama vile kupata kazi nzuri baadaye, matokeo yalishuka. Mtu angedhani kwamba sababu mbili zingeshinda moja.

Mjini kwetu kuna mtego mwingine, nao ni majina ya heshima. Kijana akijiandikisha katika kitivo cha sheria, kabla hajafungua kitabu mtaa mzima umekwisha kumwita Maître, jina la heshima la wakili kwa Kifaransa. Mwaka 2009 Peter Gollwitzer na wenzake, waliowapima wanafunzi wa sheria miongoni mwa wengine, walionyesha kwamba wenye shauku kubwa ya taaluma yao ambao nia zao zilijulikana kwa mtu mwingine walizitekeleza kwa bidii ndogo kuliko wale ambao nia zao hazikujulikana. Kutambuliwa kuliwaonjesha mavuno kabla ya kulima.

Kwa hiyo anayetaka kuitwa Maître ajiulize kama anataka pia kukaa hadi usiku na mafaili ya kesi za mipaka ya viwanja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi, na jina ni kivuli chake tu. Aandike sababu zake zote, kisha afute kila moja ambayo ingetoweka endapo hakuna ndugu wala jirani angejua anafanya nini. Zikifutika zote, kuacha mapema hakumwondolei mtu heshima; humrudishia muda na ada.

Lakini sababu ya kuazima yaweza pia kubadilika ikawa ya mtu mwenyewe. Yule kijana wa darasa la jioni, tuseme anapenda kutengeneza simu, siku moja anatambua kwamba maelezo mengi ya ufundi huo yameandikwa kwa Kiingereza. Darasa ni lilelile na ada ni ileile, ila hasomi tena kwa ajili ya baba yake mdogo.